Hiyo Superman ya mfuko mweusi haifiki milioni, ila usilifunge sanduku kwanza

Kuna kijana wa Tabata kaniandikia, swali lake refu kwaio nalifupisha. Anasema: "Shikamoo bro. Mjomba wetu alikuwa baharia, katangulia mbele ya haki mwaka jana, katuachia sanduku la bati lina komiki za Marekani kama 60 hivi, nyingi za miaka ya 90. Ipo ile ya Superman anakufa, ya kwenye mfuko mweusi, ila mfuko ulishachanwa na kile kitambaa cheusi cha mkononi sista alikivaa kwenye msiba wa mjomba mwenyewe. Zipo X-Men namba 1 kopi nne, X-Force namba 1, Infinity Gauntlet, na nyingine sizijui kabisa kama hii New Mutants namba 98 imekunjika kona. Chini ya sanduku mjomba alitandika majarida ya zamani ya Kiswahili ili bati lisizipige kutu. Jamaa yangu anasema hiyo Superman peke yake ni milioni tatu. Ni kweli? Na washkaji wananicheka, eti mimi nimewajua hawa watu kwenye muvi kwaio siyo shabiki. Niuze au nikae nazo?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana. Mabaharia wametuletea vitu vingi mji huu, redio kaseti, jinzi, santuri, ila wa kubeba komiki 60 baharini na kuzifikisha salama huyo alikuwa mtu wa peke yake, ningempenda sana.

Nianze na kinachokunyima usingizi. Milioni tatu hamna. Superman namba 75 ikiwa haijafunguliwa kabisa, mfuko wake mzima, watu wanaiachia kwa dola kumi na kitu mpaka ishirini, tuseme kama elfu arobaini hivi. Sasa yako mfuko umechanwa na kitambaa kimeshaenda msibani, hapo tunaongelea hela ya chipsi kuku na soda, tena mnunuzi awe hapahapa mjini maana ukiituma nje nauli inameza bei yote. Najua inauma. Jamaa yako wala hajakudanganya kwa makusudi, kasikia "Superman" kasikia "milioni" akaunganisha mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Novemba 1992 DC, kampuni inayomchapa Superman, wakatoa komiki ya kumuua. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua sheria ni moja tu, steringi hafi, hata apigwe risasi ishirini lazima ainuke mwishoni amalizane na adui. Wamarekani nao kumbe sheria yao ni hiyohiyo, ndo maana habari ikafika mpaka kwenye TV na magazeti, watu ambao hawajawahi kushika komiki wakapanga foleni madukani. Ndani ya ule mfuko mweusi wenye S inayochuruzika damu waliweka komiki, posta ya kubandika ukutani, ukurasa wa tanzia wa gazeti la Daily Planet, stampu, na hicho kitambaa cheusi cha kufunga mkononi, yani uomboleze kabisa. Sasa mtu ananunua kumi, moja ya kusoma, tisa za kuja kusomeshea watoto. Zikaenda mamilioni. Mwaka uliofuata, 1993, Superman huyoo karudi, mzima wa afya na kafuga nywele ndefu, na zile tisa zikabaki kwenye kabati la kila mtu. Zipo mpaka leo, safi, zinasubiri ada ya shule. Af kusema kweli sista yako ndo mtu pekee niliyewahi kusikia kakitumia kile kitambaa kwa kazi yake, mpe heko.

Ukitaka kujua milioni zinatokea wapi, angalia Action Comics namba 1 ya Juni 1938, ndo Superman katokea mara ya kwanza. Ilikuwa inauzwa senti kumi za dola. Zilichapwa kama laki mbili, inakadiriwa zilizobaki duniani ni kama mia moja tu, na mwaka 2024 kopi moja ilienda mnadani kwa dola milioni 6. Hizo nyingine ziko wapi? Watoto walizisoma zikachanika, wazazi wakazitupa siku ya usafi, af ikaja vita ya pili ya dunia zikawa zinakusanywa karatasi chakavu kwa ajili ya jeshi. Hamna aliyekuwa anajua. Hata waliomtunga, vijana wawili Jerry Siegel na Joe Shuster, haki za Superman waliziachia kwa dola 130, hiyo ni ya kugawana wote wawili. Ya 1938 kila mtu aliitupa, ya 1992 kila mtu aliificha, na bei inafuata hapo. Ukiona mtu anakuambia kitu ni cha thamani kwa sababu ni maarufu, muulize kwanza zimebaki ngapi.

Ndo maana na X-Men zako namba 1 sizipi nafasi. Hiyo ya 1991, ya Chris Claremont na Jim Lee, iliuzwa zaidi ya kopi milioni 8 na ipo kwenye rekodi za Guinness. Ila ujanja wao uone: walitoa kava tano tofauti, kwaio mwenye roho ya koleksheni ananunua tano. X-Force namba 1 ya mwaka huohuo hivohivo, kila mfuko una kadi moja na kadi zenyewe ziko aina tano, utafanyaje. Kopi zako nne kama kava zake hazifanani, zipange mezani kwa mstari, utaona zinaungana zinakuwa picha moja ndefu. Bei yake dola chache. Mimi ningeziwekea fremu zikae ukutani sebuleni, mjomba angefurahi zaidi kuliko ukiziuza ukanunua vocha.

Hapa nichomekee kitu maana kinagusa na lile swali la washkaji. Wale wanunuzi wa kumikumi walipostuka kwamba kila mtu anazo, wakatoka wote kwa mpigo kama upatu uliovunjika. Maduka ya komiki Marekani yakafungwa kwa wingi, na Marvel yenyewe, kampuni ya hizo X-Men zako, ambayo tayari ilikuwa na madeni yake, Desemba 1996 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Haki za kutengeneza muvi za X-Men zilishaenda studio ya Fox, za Spider-Man zikaenda Sony mwaka 1999. Marvel ilipoamua kutengeneza muvi yenyewe ikatoka na Iron Man 2008, na wakati ule Iron Man kwa mtu wa kawaida hakuwa jina, alikuwa mchezaji wa benchi, ila ndo waliyebaki naye mkononi. Mwaka 2009 Disney wakainunua kampuni kwa kama dola bilioni 4. Kwaio unapojiuliza mbona miaka yote ile Wolverine wa X-Men hakuonekana na akina Avengers, jibu limo humo kwenye sanduku la mjomba wako. Mtu anayekucheka kwa kuanzia kwenye muvi muulize kama hiyo stori anaijua.

Haya. Sasa hiyo New Mutants namba 98.

Umeitaja kama ya mwisho mwisho, imekunjika kona, huijui. Mdogo wangu, hiyo ni ya Februari 1991, na humo ndani ndo Deadpool katokea mara ya kwanza kabisa, kazi ya Rob Liefeld na Fabian Nicieza. Wakati inatoka ilikuwa komiki ya dola moja, yeye mwenyewe alikuja kama muuaji wa kukodiwa tu, anapigwa, anarudishwa alikotumwa, basi. Hamna aliyejua huyu mropokaji atakuja kuwa na muvi 2016 na baadae ile ya 2024 ya pamoja na Wolverine iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Hiyo komiki ikiwa safi inaongelewa kwenye mamia ya dola. Hapo umekaa vizuri eh? Kaa hivohivo, maana kona imekunjika na sijui imekunjika vipi.

Fanya hivi. Nawa mikono, ikauke kabisa, usipake mafuta. Nenda nayo dirishani asubuhi, ishike imelala kwenye kiganja, iinamishe taratibu mpaka mwanga upite juu ya kava kwa ubavu. Kwenye ile kona angalia kama mkunjo umeacha mstari mweupe. Kama karatasi imepinda tu na rangi bado ipo juu yake, hasara siyo kubwa. Kama rangi imevunjika ukaona weupe wa karatasi, gredi, yani alama ya ubora wake, imeshuka sana na hamna wa kuirudisha, na usijaribu kupaka kalamu, wakigundua rangi ya kuongeza wanaihesabu mbovu zaidi ya ilivokuwa. Ukimaliza kona angalia mgongo, pale kwenye pini za stepla, utaona vimistari vidogo vidogo vyeupe, kila kimoja ni mara moja mtu aliifungua kwa nguvu. Af angalia pini zenyewe. Hapa Dar pini ndo zinasema ukweli wote, komiki inaweza kuwa inang'aa juu ukifungua katikati pini zimeota kutu na kutu imetambaa kwenye karatasi kama chai iliyomwagika.

Gredi zenyewe zinaanzia 0.5 mpaka 10. Kuna kampuni ya Marekani inaitwa CGC, ipo Florida, ilianza mwaka 2000, unawatumia komiki wanaikagua wanaipa namba wanaifungia kwenye boksi la plastiki gumu, ukitaka kuisoma tena lazima ulivunje. Mimi hilo boksi silipendi, kitabu ambacho hukifungui ni kama mkate wa dirishani, ila sokoni linasaidia maana mnunuzi haogopi kupigwa. Kwako wewe, ukipiga hesabu ya ada, nauli ya kwenda na kurudi na bima, ile kona ikiwa imevunjika rangi hailipi. Acha.

Af hesabu kurasa, usiruke. Kuna Hulk namba 181 ya Novemba 1974, ndo Wolverine kacheza stori nzima mara ya kwanza, ghali sana. Wakati ule Marvel walikuwa wanachapa stampu ndani ya komiki ili mtoto aikate abandike kwenye kitabu chake, na watoto wakakata kweli. Leo mtu anafungua hiyo 181 kava safi, mgongo safi, anafika ukurasa wa barua za wasomaji anakuta kashimo ka mraba ka mkasi. Kashimo hako kanakula hela kuliko maji na panya. Zako za miaka ya 90 stampu hamna, lakini mkasi wa mtoto haujawahi kustaafu, fungua moja moja uangalie kama kuna kuponi iliyokatwa au posta iliyonyofolewa.

Kuna mzee mmoja alinifuata pale ninapouzia vitabu Posta, kafunga kitu kwenye taulo jeupe kama anabeba mtoto mchanga. Kaniangalia kushoto kulia, kafungua. Action Comics namba 1. Mapigo ya moyo yalinipanda sitaki kukudanganya, sekunde kama tatu hivi nilikuwa tajiri. Af nikaona ukubwa. Komiki ya kawaida ni ya kubeba mkono mmoja, hii ilikuwa kubwa karibu kama gazeti. DC wenyewe miaka ya 70 waliichapa upya kwa saizi hiyo, ikiwa na kava ya nje inayoeleza kwamba ni marudio, sasa ile kava ya nje ikitoka kinachobaki ndani ni kava ya 1938 na bei yake ya senti kumi, na wajanja duniani kote wameshaliza watu wengi na hiyo. Mzee alikuwa kainunua. Hakuniambia kwa bei gani na sikuuliza. Nilimpa kiti akakaa nikaagiza kahawa. Siku hizi ni mbaya zaidi maana Marvel wanatoa nakala mpya za komiki za zamani zenye matangazo yaleyale ya zamani, hiyo 98 yako nayo wameshaitoa hivyo. Wao hawana kosa wameandika kwa maandishi madogo kwamba ni nakala, tatizo ni nani anasoma maandishi madogo. Yako ililetwa na mjomba miaka ya 90 sina wasiwasi nayo, ila ukinogewa ukaanza kununua nyingine hayo maandishi yasome kabla hujatoa hela.

Bei usiulize kijiweni. Ukiingia eBay, lile soko la mtandaoni, usiangalie mtu anaomba ngapi, kuomba ni bure hata mimi naweza kuiandikia daladala bei ya ndege, chuja uone zilizouzwa tayari, halafu linganisha hali ya hizo na ya kwako bila kujipendelea. Na ujue muvi zinapandisha joto, trela ikitoka bei inaruka, muvi ikishaingia kumbi za sinema watu wanaanza kuuza na bei inapoa. Ya Deadpool joto limeshapita kwaio huna haraka. Mtu wa hapa mjini akikuambia nakutumia hela sasa hivi nipe mzigo, subiri uangalie salio mwenyewe, meseji ya muamala hata mtoto wa darasa la nne anaitengeneza. Kama una ndugu anaishi Marekani au Uingereza anayekuja likizo, huyo ndo njia nzuri, anaondoka nayo kwenye begi la mkononi katikati ya kadibodi mbili.

Kutunza. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo nimelia mwenyewe.

Nilipokuwa kijana nilikuwa na Spider-Man kumi na mbili, nazipenda kuliko viatu, nikaona nizifanyie ustaarabu, nikaenda duka la vifaa vya shule nikanunua yale mafaili yenye mifuko ya plastiki laini, ile inayonuka nuka, nikazichomeka moja moja nikaziweka juu ya kabati. Masika mbili zikapita. Siku nataka kumuonyesha rafiki yangu navuta haitoki. Navuta tena nasikia sauti kama unabandua plasta kwenye kidonda. Uso wa Spider-Man wote ukabaki kwenye plastiki, umegeuka kushoto kulia, jicho moja limebaki kwenye karatasi ananiangalia. Zote kumi na mbili. Ile plastiki laini ina mafuta yake yanayotoka taratibu, na joto letu hili yanalainisha wino unagandana. Kwaio mifuko laini ya mafaili hapana. Tafuta mifuko maalum ya komiki ya polipropilini, ikiwezekana ile ya polyester inayoitwa Mylar, na kadibodi isiyo na asidi ya kuweka nyuma. Hapa mjini ni kazi kuipata, ndugu wa likizo akija ndo umuagize.

Na nakuomba, kwa jina la mjomba, usiipeleke kulaminetiwa. Najua Dar tunalaminet kila kitu kuanzia cheti cha kuzaliwa mpaka menyu ya mgahawa. Komiki ikishapita kwenye ile mashine ya moto imekwisha. Selotepu pia usiguse, inageuka njano inapenya. Nafthalini nayo itoe kama ipo, harufu inaingia kwenye karatasi haitoki miaka kumi.

Sanduku la bati lina zuri na baya. Panya hapiti, hilo zuri. Baya ni kwamba mchana bati linapata moto usiku linapoa, unyevu wa ndani unageuka jasho linatelemkia kwenye vitabu, na hewa yetu ya pwani ina chumvi juu yake. Karatasi za komiki nyingi za zamani ni za bei rahisi, zina asidi yake tangu kiwandani, unyevu na joto vinaisukuma mpaka inageuka rangi ya chai na kuvunjika kama kaukau. Huwezi kuizuia, unaipunguza mwendo tu. Sanduku kama lipo chini ya kitanda litoe, liweke juu ya matofali mbali na ukuta wa nje, humo ndani tupia vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokujaga kwenye maboksi ya viatu na mikoba, uvibadilishe. Zisimamishe wima zikiwa zimebanana kidogo, zikilala zikipandiana za chini zinaumia. Siku ya jua kavu fungua kifuniko zipate hewa, kivulini lakini, jua linapausha rangi.

Sasa washkaji. Mimi steringi wengi nimewajua kwa sauti ya Lufufu. Hamkumkuta ninyi, Lufufu alikuwa anatafsiri muvi kwa Kiswahili, anasimulia juu ya picha, anaongeza chumvi, mzungu kafungua mdomo mara moja yeye kaongea dakika nzima na kibanda kizima kimelala chini kwa kucheka. Nani aniambie mimi sikuwa shabiki kwa sababu sikusoma kwanza? Shabiki ni anayerudi kesho yake. Ila nikuambie ukweli wa upande wa pili, ukisoma hiyo Infinity Gauntlet ya 1991 uliyonayo humo, kazi ya Jim Starlin, utaelewa kwanini wasomaji wanakuwaga wagomvi. Kwenye muvi ya Avengers ya 2018 Thanos, adui mkuu, anapunguza nusu ya viumbe eti rasilimali hazitoshi, anaongea kama afisa mipango. Kwenye komiki anafanya ile kitu kwa sababu kampenda Kifo, na Kifo kwenye stori ni mwanamke, amesimama pale kanuna hata hamuangalii. Jamaa kaua nusu ya ulimwengu kumfurahisha demu, na demu hajafurahi. Kwangu ya kwenye komiki ndo inatisha zaidi maana watu wa hivyo tunawajua mitaani, ila mwanangu wa kwanza anasema muvi imezidi kwa sababu unamuelewa Thanos, tumebishana mpaka mama yake akazima TV. Tubishane tu, ndo raha yake.

Hata Black Panther hivohivo. Kaanza kwenye Fantastic Four namba 52 ya Julai 1966, Stan Lee na Jack Kirby, na ramani za Marvel zinaiweka Wakanda, nchi yake ya kubuni, huku kwetu Afrika Mashariki, lakini kwenye muvi ya 2018 wanaongea Kixhosa cha Afrika Kusini. Najua sababu, John Kani aliyecheza baba yake T'Challa, yani baba wa Black Panther mwenyewe, ni Mxhosa na lugha ikaingilia hapo, na imependeza. Ila jirani zetu kabisa, wanashindwaje hata "karibuni chakula"?

Kwaio uuze au ukae nazo: 98 ikague kama nilivokuelekeza, kama ni safi na una shida ya hela uza hiyo peke yake, haina dhambi. Infinity Gauntlet kama zipo zote sita soma kwanza. Zilizobaki ni za mapenzi siyo za mtaji.

Ila kuna kitu umekiandika nusu sentensi ukakipita. Majarida ya zamani ya Kiswahili aliyotandika chini. Mdogo wangu, ni majarida gani? Ni Sani, lile la katuni? Yana Madenge? Unamuona Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi? Au ni Kingo ya James Gayo? Mimi miaka ya 80 nilikuwa nasoma Sani ikiwa imepita mikono kumi kabla yangu, haina kava, na nikiimaliza inaenda kwa mama karanga anaikata anafungia. Mji mzima tulifanya hivyo. Nimetafuta za wakati ule miaka mingi, nimepata vipande, stori zimekatikia katikati na mafuta ya karanga juu yake. Hazina bei ya mnadani, hamna kampuni ya kuzipa gredi, siwezi kukuahidi milioni wala laki. Lakini nakuambia New Mutants 98 zipo maelfu kwa maelfu, hizo za chini ya sanduku sijui nani mwingine anazo.

Usizivute. Zitakuwa zimegandana na bati na pengine zenyewe kwa zenyewe, ukivuta zinabaki vipande. Toa komiki zote kwanza, acha sanduku wazi kivulini siku mbili tatu zikauke zenyewe, usitumie pasi wala feni ya karibu. Piga picha zikiwa zimelala hapohapo, ukurasa wa juu usomeke na tarehe kama ipo, unitumie. Jumamosi nipo Posta mpaka saa kumi, ukitaka kuja nalo zima njoo na bajaji siyo bodaboda, na nina X-Men za kubadilishana nyingi tu kama unazitaka.